Kukawia kwa Taa: Insha ya Historia ya Rilei

Mtu abonyezaye swichi ya taa hatarajii kungoja. Amezoea kuona kwamba tendo la kidole na nuru ya chumba ni jambo moja, wala hapati sababu ya kufikiri kwamba baina ya mambo hayo mawili pana safari. Siku safari hiyo inapokawia ndipo anapotambua kuwa ipo. Insha hii ilizaliwa na ukawiaji wa namna hiyo, katika ngazi za nyumba ninamokaa. Na ijapokuwa mwanzo wake ni mdogo, ulinilazimisha kusoma upya sura moja ya historia ya elimu ambayo aghalabu sisi watu wa lugha huipita bila kuitazama.

Nyumba yenyewe ni ya ghorofa moja. Swichi mbili, moja chini na moja juu ya ngazi, zimeungwa hata kila moja yaweza kuwasha au kuzima. Swichi hizo hazipitishi umeme mkubwa wa nyumba. Mwenye nyumba wa kwanza aliogopa kuupitisha umeme huo katika ukuta wa ngazi, ambao hunyonya maji kila masika. Kwa hiyo swichi hupitisha mkondo mdogo wa volti chache tu, na mkondo huo huenda kwenye kisanduku kilicho karibu na dari, ambamo mna chombo kidogo kinachopokea amri na kuziwasha taa za ngazi, za ukumbi na za ua kwa pamoja. Chombo hicho mafundi wetu hukiita rilei.

Kwa muda wa miezi taa hizo zilikuwa zikikawia. Ukibonyeza, giza lilikaa zaidi ya nusu ya sekunde kabla ya kuondoka. Ukizima, nuru ilibaki kwa sekunde mbili hivi kama mgeni asiyetaka kuaga. Sisi vijana wa nyumba tulilifanya jambo hilo kuwa mzaha. Lakini baba yangu amekwisha pita miaka sabini, na kila alfajiri hushuka kwenda kuswali. Mkono wake hubonyeza na mguu wake hushuka kwa wakati mmoja, kwa mazoea ya miaka mingi. Alfajiri moja mguu ulitangulia nuru, akakosa daraja la tatu, akaokolewa na mkono wa ngazi. Hakulalamika. Alisema tu, asubuhi, tulipokuwa tukinywa chai, "Mwanangu, taa yako ina uvivu." Tangu neno hilo mzaha ulikoma.

Nilimwita fundi wa mtaani kwetu, kijana mwenye subira. Nikamwambia kwa hasira kwamba aliyezifunga taa zile alikuwa mzembe, na kwamba nadhani dawa ni kuongeza volti ili chombo kile kiamke upesi. Aliyezifunga alikuwa fundi wa zamani ambaye sasa ni marehemu. Kijana alinisikiliza hata mwisho, kisha akasema, "Mwalimu, tusimhukumu mzee kabla ya kufungua kazi yake. Kesho nitakuja na mita." Usiku ule, katika kumngoja, nilifungua vitabu. Niliyoyakuta humo ndiyo ninayotaka kuyaeleza, kwani yalinifunza kwamba ukawiaji wa rilei una umri sawa na rilei yenyewe, na kwamba vyote viwili vilitoka katika mikono ya mtu mmoja.

Kwanza jina. Neno ambalo sisi tumelitohoa kuwa rilei lilikuwa, kwa watu wa Ulaya, jina la farasi wa kubadilishana. Tarishi aliyebeba barua za mbali alimpanda farasi mmoja hata kituo cha kwanza. Hapo farasi aliyechoka aliachwa, akachukuliwa mwingine mwenye nguvu, na barua ikaendelea. Maana hiyo si ngeni kwetu, maana wanafunzi wetu wanazijua vema mbio za kupokezana vijiti. Mkimbiaji wa kwanza hafiki mwisho. Kazi yake ni kumfikia wa pili akingali na nguvu ya kunyosha mkono. Ndivyo ilivyo rilei ya umeme. Mkondo dhaifu, uliotoka mbali, hauwezi kuwasha taa wala kugonga kengele. Unaweza kufanya jambo moja tu dogo: kuzunguka katika koili ya waya na kukifanya chuma kilicho ndani yake kiwe sumaku. Sumaku huvuta ulimi wa chuma. Ulimi hukutanisha viguso viwili. Na viguso vikikutana hufungua njia kwa mkondo mwingine ulio mkubwa. Mkondo wa kwanza ukikoma, sumaku hufa, kamani huurudisha ulimi mahali pake, na njia hukatika.

Ili chombo hicho kiwezekane yalihitajika mambo mawili. Mwaka 1820 Hans Christian Ørsted wa Denmark alionyesha kwamba waya wenye mkondo hugeuza sindano ya dira. Mwaka 1825 William Sturgeon, Mwingereza, alizungusha waya juu ya chuma kilichopindwa akapata sumaku inayozaliwa na kufa kwa amri ya mkondo. Kisha alitokea Joseph Henry, mwalimu wa shule katika mji wa Albany nchini Marekani. Yeye aliufunika waya kwa hariri ili aweze kuuzungusha mara nyingi bila mizunguko kugusana, akatengeneza sumaku zenye nguvu ambazo hazijapata kuonekana. Mwaka 1831 alipeleka mkondo katika waya wenye urefu wa zaidi ya maili moja, uliozungushwa katika ukumbi wa shule, akagonga kengele mwisho wake.

Henry alipohamia Princeton aliendelea na kazi hiyo, na kufika mwaka 1835 alikuwa ameunga mikondo miwili kwa namna tuliyoieleza. Mkondo dhaifu uliotoka mbali uliitawala sumaku kubwa iliyobeba mzigo mzito. Lakini jambo la kuzingatia ni hili: katika onyesho alilowafanyia wanafunzi wake, amri iliyotoka mbali ilikuwa amri ya kukata. Mkondo wa sumaku kubwa ulikatwa, na mzigo ukaanguka sakafuni kwa kishindo. Rilei ya kwanza, basi, ilijulikana kwa kuachia kabla ya kujulikana kwa kushika.

Na kuachia ndiko kulikokuwa na siri. Henry alikuwa amekwisha tambua, na mwaka 1832 akaandika, kwamba waya mrefu ukitengwa na betri hutoa cheche kali, ilhali waya mfupi hautoi. Maana yake ni kwamba mkondo uliomo katika koili haukubali kufa mara moja. Usumaku uliojengwa ndani yake ukianza kuporomoka huzaa msukumo mpya unaojaribu kuuendeleza mkondo uleule. Na kama njia imekatwa, msukumo huo huruka hewani kwa cheche. Kadhalika wakati wa kuwasha: mkondo haukubali kuzaliwa mara moja, bali hupanda kidogo kidogo. Michael Faraday alifika penye ukweli huo kwa njia yake mwenyewe huko Uingereza. Mwaka 1893 wataalamu waliokutana Chicago walikipa kipimo cha tabia hiyo jina la henry. Hivyo mtu mmoja alitupa chombo cha kupeleka amri, akatupa pia kanuni inayosema kwamba amri hiyo haitatimia papo hapo. Hapana rilei isiyo na koili, na hapana koili isiyokawia. Anayedai rilei isiyokawia hata chembe anadai kitu ambacho maumbile hayakukiweka.

Kutoka Princeton kanuni hiyo ilitoka nje ya vyumba vya masomo. Edward Davy nchini Uingereza alipata hataza mwaka 1838 kwa mpango wa kuhuisha mkondo uliochoka njiani. Samuel Morse alipofungua simu ya maandishi baina ya Washington na Baltimore tarehe 24 Mei 1844, sumaku zilizopokea habari zilitegemea mpango wa mikondo miwili. Kwa njia hiyo waya wa nchi kavu uliweza kurefushwa kadiri watu walivyotaka, kwa kuwa kila kituo kilimpa tarishi farasi mpya.

Bahari ilikuwa na sheria nyingine. Mwaka 1858 waya wa kwanza ulitandazwa chini ya Atlantiki baina ya Ireland na Newfoundland. Salamu za Malkia Victoria kwa Rais wa Marekani zilikuwa na maneno 98, na kuzipeleka kulichukua kama saa 16. Ukawiaji huo haukuwa wa rilei. Ulikuwa wa njia. Waya uliofunikwa na kuzungukwa na maji hujaa umeme kama chombo kijaavyo maji, na lazima ujae kabla ya upande wa pili kuona kitu. William Thomson, aliyeitwa baadaye Lord Kelvin, alikuwa ameonyesha kwa hesabu tangu miaka ya 1854 na 1855 kwamba ukawiaji huo hukua kwa kipeo cha pili cha urefu wa waya: urefu ukiwa mara mbili, ukawiaji huwa mara nne. Mtaalamu wa kampuni, Wildman Whitehouse, hakuikubali hesabu hiyo. Alitaka kuushinda ukawiaji kwa nguvu, akausukumia waya msukumo wa volti zipatazo 2,000. Waya uliokuwa tayari dhaifu ulizidi kuharibika, ukafa baada ya wiki chache. Thomson aliipita njia nyingine: alitengeneza kipimo chenye kioo chepesi kilichoweza kuona mkondo ulio mdogo mno, akauacha waya upeleke taratibu kile ulichoweza kupeleka.

Niliposoma habari hizo nilifunga kitabu kwa haya. Mimi pia, mchana ule, nilikuwa nimemwambia fundi aongeze volti.

Sura hii inaigusa pwani yetu. Mwaka 1879 waya wa baharini uliunganisha Aden, Zanzibar, Msumbiji na Durban, na habari iliyokuwa ikingoja meli ikaanza kufika kwa saa. Waliohudumu katika ofisi za waya za namna hiyo walitumia vyombo vyepesi vya ukoo wa Thomson, maana ulimi wa chuma wa rilei ya kawaida ulikuwa mzito mno kwa mkondo uliochoshwa na bahari. Funzo lake linabaki kuwa la kweli hata katika ngazi ya nyumba: tarishi akichelewa, ulizia kwanza hali ya njia.

Hata hapa tumeuona ukawiaji kama adui. Lakini katika simu ya kusemea ulipata kuwa mtumishi. Almon Strowger, mzishi wa Kansas City, alipata hataza ya swichi ya simu inayojiendesha mwaka 1891, na mwaka uliofuata kituo cha kwanza cha namna hiyo kilifunguliwa La Porte, Indiana. Baadaye simu zilipowekewa kibao cha kuzungusha kwa kidole, kila namba iligeuzwa kuwa mikato ya mkondo: namba 5 ni mikato mitano, namba 9 ni mikato tisa, kwa mwendo wa mikato kama 10 kwa sekunde. Hapo palizuka swali gumu. Mtu anayepiga namba hukata mkondo. Mtu anayeweka simu chini hukata mkondo pia. Mashine isiyo na akili itawatofautishaje?

Jibu la wahandisi lilikuwa kutumia rilei mbili zenye tabia mbili. Ya kwanza ilikuwa nyepesi, ikafuata kila mkato. Ya pili ilifanywa nzito makusudi: chuma chake kilivalishwa pete nene ya shaba nyekundu. Usumaku ulipoanza kufa, pete hiyo ilizaa mkondo ndani yake yenyewe na kuudumisha usumaku kitambo, hata rilei ikashikilia kwa mamia ya milisekunde baada ya mkondo kukatika. Mkato mfupi wa namba ulipita kabla haijaachia. Mkato mrefu wa kuweka simu chini uliikuta imeachia. Basi mashine ilijua tofauti ya neno na kuaga kwa sababu tu sehemu yake moja ilikubali kuchelewa. Cheche ile ya mwaka 1832, iliyoonekana kuwa kero, ilikuwa imefanywa kumbukumbu. Simu za dunia zilitegemea uzito huo kwa miongo mingi ya karne ya 20.

Fikra nyingine ilijaribu kuusahau wakati kabisa. Mwaka 1937 kijana Claude Shannon, katika tasnifu yake ya shahada ya uzamili, alionyesha kwamba rilei na swichi zaweza kuandikwa kwa aljebra aliyoianzisha George Boole katika karne iliyotangulia. Njia ama imefungwa ama iko wazi. Hapana hali ya tatu. Taa ya ngazi yenye swichi mbili ni mfano mzuri wa hesabu hiyo: hali ya taa hubadilika kila mojawapo ya swichi inapobadilika. Juu ya karatasi mabadiliko hayo hayachukui muda wowote. Ni aljebra nzuri, na kompyuta zetu zote zinaifuata; lakini chuma hakiisomi. Baina ya wazi na kufungwa kuna ulimi unaosafiri, na ukifika hudunda mara kadhaa juu ya kiguso kabla ya kutulia.

Konrad Zuse aliuona ukweli huo kwa mikono yake. Tarehe 12 Mei 1941, mjini Berlin, aliwaonyesha wataalamu mashine ya hesabu iliyojulikana kama Z3, yenye rilei zaidi ya 2,000. Ilitii programu, na ilikuwa ya ajabu kwa wakati wake; lakini kuzidisha namba mbili kulichukua kama sekunde 3, maana kila hatua ilibidi ingoje ndimi za chuma zifike na kutulia. Mabomu ya vita yaliiharibu mwaka 1943. Katika Chuo Kikuu cha Harvard, tarehe 9 Septemba 1947, wahudumu wa mashine nyingine ya rilei walitafuta kosa wakamkuta nondo amenaswa ndani ya rilei. Wakambandika katika daftari la kazi. Kisa hicho husimuliwa kwa kicheko, lakini kina hekima: walipoona hesabu imekosea, hawakuilaumu hesabu, walifungua wakatazama. Kufikia hapo ENIAC, iliyotangazwa mwaka 1946, ilikwisha onyesha kwamba vali za umeme zaweza kufanya majumlisho 5,000 kwa sekunde moja. Desemba 1947 transista ilizaliwa. Rilei iliondoka katika kompyuta.

Hata hivyo haikufa. Ilirudi mahali ambapo haraka ya namna ile haihitajiwi: katika magari, majokofu, lifti, na katika nyumba. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia nyumba kadhaa za Marekani zilifungwa taa zinazoamriwa kwa volti 24 kupitia rilei, kwa sababu ileile iliyomwongoza mwenye nyumba yetu: kuuweka umeme mkali mbali na mkono wa mtu. Katika Ulaya rilei za hatua na za muda zilitumika katika ngazi za majumba ya wapangaji, na zinatumika hata leo. Rilei ndogo ya sasa hushika kwa kama milisekunde 10, na huachia kwa kama milisekunde 5. Aghalabu huwekewa dayodi kando ya koili, ili ile cheche ya Henry isiichome transista inayotoa amri. Dayodi huupa mkondo unaokufa njia ya kuzunguka hadi uishe, na kwa hiyo huongeza muda wa kuachia mara kadhaa. Tunalipa milisekunde chache tukanunua usalama wa chombo.

Sasa msomaji apime mwenyewe. Ukawiaji usiofika sehemu ya kumi ya sekunde, yaani milisekunde 100, huonekana kwa watu wengi kuwa ni papo hapo. Rilei nzima, pamoja na dayodi yake, haifiki huko. Natija yake ni nyepesi lakini wengi huikosa: ukawiaji unaoonekana kwa macho katika taa za nyumba si tabia ya rilei peke yake. Ama rilei ni mbovu, ama kuna kitu kingine kinachoikawiza.

Haya ndiyo yaliyokuwa kichwani mwangu fundi aliporudi kesho yake. Yeye hakuwa amesoma habari za Henry, lakini alifanya kazi kama aliyezisoma. Kwanza aliniomba nisimame chini ya kisanduku, nisikilize. Rilei inaposhika hutoa sauti ndogo, tiki. Alibonyeza. "Umesikia nini kwanza, Mwalimu, sauti au nuru?" Nikamjibu kwamba sauti na nuru vimekuja pamoja, na vyote vimechelewa. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kama sauti ingalikuja mapema na nuru ikachelewa, kosa lingalikuwa mbele ya rilei: viguso vilivyoungua, au taa yenyewe. Taa za mrija hupepesa kabla ya kuwaka, na baadhi ya globu za LED zina chombo ndani kinachotaka muda wa kuamka. Kwa kuwa sauti yenyewe ilichelewa, kosa lilikuwa nyuma: katika koili, katika waya, au katika kinachotoa amri. Katika nyumba nyingine za siku hizi amri hupita katika kompyuta ndogo na hata katika intaneti kabla ya kurudi chumbani, na huko ndiko kwa kuulizia. Yetu haikuwa na hayo.

Akaweka mita kwenye koili, akaniambia nibonyeze. Volti hazikuruka, zilipanda polepole kama maji katika mtungi, na rilei ikalia tiki zilipokaribia 9. Alipozima, zilishuka polepole zaidi. Akazima swichi kuu ya nyumba, akahakikisha kwa mita kwamba hakuna umeme, ndipo akafungua kisanduku. Rilei ilikuwa ya volti 12, na koili yake ilipimwa kuwa na omu 400. Mbele yake palikuwa na rezista ya omu 400 pia, ya kupunguza volti za transfoma. Na sambamba na koili, marehemu alikuwa ameunga kapasita kubwa ya mikrofaradi 2,200.

Hesabu ilisadiki tuliyoyaona. Kapasita ile ilipaswa kujaa kwa kupitia rezista, na koili ikinyonya upande mmoja. Ilichukua kama sehemu 6 katika 10 za sekunde kufika volti 9. Ikiachwa, ilikuwa na umeme wa kuilisha koili kwa sekunde 2 kabla haijashuka hadi volti 1, ambapo ulimi huachia. Ulikuwa ni waya wa Atlantiki ndani ya kisanduku: chombo kilichotaka kujaa kwanza. Na lau tungaliongeza volti kama nilivyotaka, taa ingaliwaka upesi kidogo, ingalizimika kwa kukawia zaidi, na koili ingaliungua polepole bila mtu kujua.

"Kwa nini aliiweka?" niliuliza. Fundi hakunijibu kwa maneno. Aliitenga kapasita, akarudisha umeme, akabonyeza. Taa ziliwaka mara moja, lakini kisanduku kilianza kunguruma kama nyuki chupani. Transfoma na dayodi zake zilikuwa zikitoa mkondo usiotulia, unaoinuka na kuanguka mara 100 kwa sekunde, na ulimi wa rilei ulikuwa ukitetemeka nao. Kila mtetemo ni cheche baina ya viguso. Cheche huvila viguso, huvitia moto, na mwisho yaweza kuvigandisha pamoja hata taa zisizimike tena, au kuchoma kisanduku karibu na mbao za dari. Marehemu aliisikia sauti ile. Alichagua kuilinda nyumba na moto, akalipa kwa nusu sekunde ya giza. Katika siku zake mwenye nyumba alikuwa kijana, na hakuna mzee aliyeshuka ngazi alfajiri.

Tiba haikuwa kuiondoa kazi yake, ilikuwa kuihamisha. Fundi aliweka kapasita mpya, iliyoandikwa volti nyingi zaidi, upande wa transfoma kabla ya swichi, hata ikawa imejaa wakati wote ikingoja amri. Mkondo ukiisha kulainishwa hivyo volti zake hupanda, kwa hiyo alibadili rezista akaweka kubwa kuliko ya kwanza, akapima hata koili ikapata volti 12 zake. Kando ya koili aliweka dayodi ili cheche ya kuzima isivile viguso vya swichi za ngazi. Tulipojaribu, sauti na nuru vilikuja pamoja na kidole, na kisanduku kilikaa kimya.

Katika kazi yangu ya kufundisha mara nyingi nimewasikia wanafunzi wakiwahukumu waliotangulia, waandishi wa sarufi na kamusi, kwa makosa yanayoonekana wazi leo, na mara nyingine nimewasaidia kuhukumu. Sasa nawauliza kwanza: aliogopa nini aliyeandika hivi? Kanuni iliyoonekana ya kijinga yaweza kuwa pete ya shaba, iliyowekwa ili neno lisichanganywe na kuaga. Yaweza pia kuwa kapasita iliyowekwa kwa sababu njema mahali pasipofaa tena. Wala kujua sababu si kuiacha ilivyo. Kama tungaliiheshimu kazi ya marehemu kwa kutoigusa, baba yangu angalianguka. Lakini tungaliing'oa bila kuisikiliza, tungaliiwekea nyumba moto.

Ijumaa iliyofuata niliwatembelea watoto wa yule fundi marehemu, ambao wangali wakiishi mtaa wa pili. Sikuwa na la kuwaeleza juu ya kapasita. Niliwaambia tu kwamba kazi ya baba yao imeilinda nyumba yetu kwa miaka mingi, na kwamba nilipata kumsema vibaya bila kujua. Walinikaribisha chai. Alfajiri ya siku ya pili nilikuwa macho, nikasikia tiki moja katika giza, na nyayo za mzee zikashuka ngazi bila kusita.